Mwalimu Nukta na Kitabu Kilichobadilishwa

Dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Nukta, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa posta na mkunga. Kusoma alijifunzia nyumbani, kwenye gazeti la baba, akiachiwa ukurasa wa mwisho baada ya kaka zake kumaliza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1971, na Desemba 1977 akahitimu chuo cha ualimu, somo la Kiingereza.

Januari 1978 alikabidhiwa darasa la wanafunzi hamsini na wawili. Kwa miaka thelathini na tisa alifundisha sarufi, insha na kujibu maswali ya fasihi, akisahihisha madaftari hadi kiwiko chake cha kulia kikaota sugu. Mwanafunzi akiandika sentensi isiyo na mwisho, alimwita mbele aisome kwa pumzi moja. Alipoishiwa pumzi, alijua mwenyewe nukta inakaa wapi. Kusifu hakukuwa kwepesi kwake. Akikuambia "umejitahidi," ulikwenda nyumbani unatembea juu juu.

Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na fundi saa. Shemeji alikuwa amemwandikia barua ya uchumba kwa Kiingereza. Ikamrudia imejaa wino mwekundu, na chini: "Wazo ni zuri. Njoo tulizungumze." Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, ambaye ni seremala.

Alipostaafu mwaka 2017, aliigeuza sebule kuwa darasa la watu wazima wanaorudia mtihani. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, mama wa miaka arobaini na moja, aliyefeli Kiingereza mara mbili na kutamani chuo cha ualimu wa chekechea. Alikuja kila jioni, mkanda wa kupimia ungali shingoni.

Juni 2022 figo za dada zilishindwa kazi, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Masomo hakuyaacha. Novemba hiyo fundi cherehani alitoka kwenye mtihani na habari nzito: tamthilia waliyoisoma miezi saba haikuwemo. Orodha ya vitabu ilikuwa imebadilishwa, na dada hakuwa ameuliza. Mwanamke yule akafeli mara ya tatu.

Binti alijaribu kumtetea. "Mama, ulikuwa mgonjwa."

"Zilizougua ni figo, mwanangu. Mdomo wa kuulizia nilikuwa nao."

Akamwita fundi cherehani. "Nimekusomesha kitabu kisichokuwemo. Kosa ni langu, usilibebe wewe."

Mwenzake alikaa akiukunja mkanda wake na kuukunjua. "Mwalimu, nimechoka."

"Hata mimi. Kilete hicho kipya."

Walianza upya Januari 2023. Siku za hospitali fundi cherehani alimfuata hukohuko, akamsomea kwa sauti kando ya mashine, saa nne nzima. Akikosea, dada aliinua kidole cha mkono usio na sindano, naye akarudia.

Jumanne tarehe 17 Oktoba alimpelekea insha ya mwisho. Dada aliisoma taratibu, akapumzika katikati, akaimaliza, akairudisha.

"Mbona hukusahihisha?"

"Sikuona pa kusahihisha. Sasa niache nilale kidogo."

Alifariki Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, saa tano asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, dada mmoja na mimi mdogo wake ninayewasomea. Fundi cherehani tumemketisha hapa pamoja na familia. Mtihani wake ni Jumatatu tarehe 6 Novemba, na ameniambia atakwenda.

Mungu ampokee dada yetu na ampe usingizi mtulivu. Alikuwa amechoka kweli.