Bwana Pankras Kumburu Astaafu, Trekta Lake Lasubiri Uamuzi

Wasomaji wa Jarida la Kituo cha Mafunzo cha Kihulila wanaombwa radhi kwa ukimya wetu wa muda mrefu. Toleo la mwisho lilitoka kabla ya Pasaka ya mwaka juzi. Tangu wakati huo mashine yetu ya kurudufu haikuweza kuvuta hata karatasi moja, kwa sababu gurudumu lake dogo la mpira, lile linalosukuma karatasi iingie ndani, lilikuwa limetoweka. Sasa limepatikana. Lilikuwa ndani ya trekta la kukatia nyasi, na aliyelitia humo ndiye tunayemuaga katika toleo hili.

Bwana Pankras Kumburu, fundi wa Kituo, anastaafu tarehe 30 Juni 1994 baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa desturi, mstaafu wa Kihulila hupewa blanketi, jembe na hotuba, kisha husindikizwa nyumbani. Bwana Pankras amekubali hotuba. Blanketi na jembe amevikataa mpaka ajue trekta lake litakwenda wapi. Kwa kuwa habari hiyo sasa inazungumzwa kuanzia jikoni kwetu hadi stendi ya Kitai, na kila msimulizi ana ya kwake, ni vema ielezwe hapa kwa utaratibu.

Bwana Pankras aliajiriwa mwaka 1963 kuwa mfyekaji. Alifyeka uwanja wa Kituo kwa mkono hadi mwaka 1970, marafiki zetu wa Ujerumani walipoandika kwamba wanatutumia trekta. Wakulima wa vijiji vya jirani walikuja kulipokea kwa ngoma, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kugombana juu ya shamba litakaloanza kulimwa. Lori lilifika kutoka Songea, sanduku likafunguliwa, kikatoka chombo chekundu kinachomfikia mtu kiunoni, chenye kiti kimoja na kitu kama sufuria iliyofunikwa chini ya tumbo. Ndani ya sufuria hiyo mlikuwa na visu vya kukatia nyasi. Ngoma zilinyamaza. Mzee mmoja alilizunguka trekta, akainama, akalitazama usoni, kisha akauliza kwa upole kama mama yake yuko nyuma.

Kila mtu alicheka isipokuwa Bwana Pankras. Alipanda, akakaa, akaweka mikono kwenye usukani, na kwa kweli hakushuka mpaka mwaka huu.

Haifai kumsifu mtu kwa sifa asizo nazo, kwa hiyo hatutasema kwamba Bwana Pankras ni mnyenyekevu. Alikuwa akitangaza kila kilichofanywa na trekta lake, na vingine ambavyo halikufanya. Aliwaambia wageni kwamba linaweza kufika Songea, ila halijapata sababu. Alitoa amri kwamba yeyote aliyezaliwa baada ya mwaka 1970 aliamkie shikamoo kabla ya kupita mbele yake. Wanachuo walitii, na mara nyingi trekta liliitikia kwa mlio mmoja mzito na moshi.

Hata hivyo, jambo moja halina ubishi: trekta halikufa. Kila baada ya msimu wa mvua alilipindua ubavu, akakwangua nyasi zilizoganda ndani ya sufuria, akanoa visu kwa tupa, akabadilisha oili, akasafisha kabureta kwa unyoya wa kuku na kuipaka grisi kila sehemu inayozunguka. Sehemu zisizozunguka alizipaka pia, wakiwemo waliosimama karibu.

Taabu ilianza spea zilipokosekana nchini. Wakati ule hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa. Nani angepata mkanda wa trekta la kukatia nyasi? Bwana Pankras hakumtafuta huyo nani. Alitazama kilichokuwa karibu. Mkanda wa kwanza ulipooza, ukatokea mwingine mnene, wenye harufu ya unga. Kiti kilipovunjika, trekta likapata kiti chenye mito, na sebule ya wageni ikapungukiwa na kiti chenye mito. Mwaka 1983 Mama Albina, mpishi wetu, alipoteza kichujio cha chai, akawashuku wanachuo wote kwa zamu. Siku moja alikiona kwenye bomba la petroli, akakichomoa, akakirudisha kazini. Chai ya saa nne siku ile ilinywewa kwa uangalifu, na hakuna aliyethubutu kuwasha sigara. Kesho yake kichujio kilikuwa kimerudi kwenye trekta, na Mama Albina hakukifuata tena.

Sasa tufike kwenye mwaka 1988 na habari ya uwanja, maana hakuna wasifu wa Bwana Pankras unaoweza kuikwepa.

Wasomaji wetu wa pwani ya ziwa wanahitaji maelezo. Huku Umatengoni tunalima kwa ngoro, yaani mashimo ya mraba yanayopangwa mlimani ili mvua isichukue udongo. Mwanamume hufyeka nyasi, huziacha zikauke, kisha huzilaza katika mistari inayokatana kama madirisha. Kazi yake huishia hapo. Mwanamke akiziona nyasi zimelazwa hivyo, huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba, hufukia nyasi kwa udongo na kupanda maharage. Hakuna anayemtuma mwingine. Nyasi zenyewe ndizo zinazosema.

Mkuu wa Kituo, Bwana Steven Challe, ni mzaliwa wa Lipingo, kule ziwani, na mambo haya hakuyajua. Yeye na Bwana Pankras walikuwa wakitaniana tangu siku ya kwanza. Bwana Pankras alidai kwamba watu wa ziwani wanajua ardhi za aina mbili tu, mchanga mkavu na mchanga mbichi. Mkuu alijibu kwamba yeye angalau hajawahi kulala amevaa koti kwa baridi. Basi, mwezi Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba mgeni kutoka wizarani atatutembelea, na Mkuu akaagiza uwanja wa mbele ukatwe nyasi hadi ulingane, tena nyasi zilizokatwa zikusanywe vizuri, kwa mpango unaopendeza.

Bwana Pankras alikata uwanja wote kwa trekta. Kisha akashuka, akachukua reki na kuzikusanya nyasi kwa mpango uliompendeza yeye, babu yake na babu wa babu yake. Jioni Mkuu alitoka nje, akaona madirisha ya nyasi yamepangwa uwanja mzima kwa ustadi, akampongeza mbele ya watu. Bwana Pankras alizipokea pongezi kwa muda mrefu, halafu akaondoka kwenda kilabuni. Nyumbani hakusema kitu.

Mkewe, Mama Notburga, alipita alfajiri akienda kisimani. Aliona nyasi zimelazwa na mume wake, na jembe halijagusa. Mwanamke wa Umatengoni hawezi kuiacha aibu ya namna hiyo ikionekana barabarani. Aliita jirani zake kwa kazi ya kusaidiana, ile tunayoiita ngokela, na Mkuu alipofungua dirisha la ofisi, uwanja wa mbele ulikuwa umekwisha kuwa shamba la ngoro lililopandwa maharage, nao akina mama walikuwa wameketi pembeni wakinywa togwa na kumsubiri awashukuru.

Mkuu aliuliza nani amewaagiza. Mama Notburga alimsalimu kwanza, kama inavyopasa, ndipo akamjibu: "Baba, mwanamume akilaza nyasi, huwa haandiki barua."

Muda wa kufukia haukuwepo. Mgeni alifika mchana, akashuka garini, akasimama mbele ya mashimo akiwa ameshika kiuno. Mkuu amekiri baadaye kwamba pale alikuwa amekwisha kufunga sanduku lake moyoni na yuko njiani kwenda Lipingo. Lakini mgeni alitoa kalamu. Alisema amezunguka vituo vingi na kuonyeshwa maua, na hiki ndicho cha kwanza kufundisha kilimo hadi mlangoni. Bwana Pankras alisogea mbele na kueleza kwamba hiyo ilikuwa fikra yake na ya trekta.

Maharage yale yaliliwa Kituoni hadi mwezi wa tisa. Yalipokwisha kuvunwa, Bwana Pankras alishikilia kwamba trekta linaweza kukata nyasi katikati ya ngoro, akaingia nalo. Lilikwenda vizuri mpaka shimo la kwanza. Alikaa humo, pua ya trekta ikitazama mbinguni naye akiwa bado ameshika usukani, mpaka akina mama wale wale walipokuja kulinyanyua. Walilinyanyua bila yeye kushuka. Tangu hapo uwanja wa mbele ni shamba, na trekta hukata uwanja wa nyuma.

Kisha milango ya biashara ikafunguliwa nchini, na maduka ya Songea yakajaa vitu. Kituo kilimnunulia Bwana Pankras mkanda mpya, uliokuja ndani ya boksi zuri lenye picha ya simba. Ulikatika kabla ya chai ya saa nne. Mkanda wa zamani ukarudishwa, ukiwa umeungwa kwa uzi wa nyavu ambao Mkuu aliletewa na ndugu zake wa ziwani, na ule mpya ukapewa kazi ya kumfunga mbuzi wa Bwana Pankras. Mbuzi huyo hutembea anakotaka.

Lakini zama hizi mpya zilileta na jambo jingine. Ushirika wa wakulima hautusaidii tena kama zamani, na Bodi ya Kituo imeagiza kwamba vifaa vya kale viuzwe. Mwezi uliopita alikuja Bwana Tarsisi, mfanyabiashara wa Kitai mwenye mashine za kusaga, akataka kulinunua trekta ili aifungue injini yake na kuifunga kwenye mashine ya kukoboa. Bwana Pankras alisikia habari hiyo akiwa chini ya trekta, akakataa kutoka. Alipelekewa chakula huko huko.

Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Ildefonsi Mbepera, ni mtu wa haki. Aliitisha kikao uwanjani, mbele ya trekta lenyewe, akatangaza kwamba kabla ya kuuza, yeyote mwenye dai lake ajitokeze. Alidhani atajitokeza Bwana Pankras peke yake. Alijitokeza Mama Albina na kuonyesha kichujio. Msimamizi wa nyumba ya wageni alikitambua kiti. Mkuu wa Kituo, kwa utani, alidai uzi wa nyavu kwa niaba ya ziwa zima. Mwishowe Bwana Tarsisi, aliyekuwa akikagua bidhaa yake, alipiga magoti, akaunusa mkanda. Aliinuka akiwa amebadilika uso. Mashine yake ya Kitai ilipotelewa na mkanda mwaka 1981, na Bwana Pankras ndiye aliyekuwa ameitwa kuitengeneza.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi siwezi kununua mkanda wangu."

Bwana Pankras alimshauri anunue kilichobaki. Vitu vilipohesabiwa, kilichobaki kilikuwa bati jekundu la mbele, usukani na injini, na injini nayo ilikuwa imefungwa kwa bawaba za mlango wa kanisa. Watu walianza kuinama ili kila mmoja achukue kilicho chake. Bwana Pankras alisimama pembeni, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja hakuwa na la kujisifia. Alikuwa anatazama mikono yake.

Hapo Mama Notburga akaomba ruhusa ya kusema. Hakumtetea mume wake wala kumlaumu. Alisema hivi:

"Nyumbani kwangu kuna redio, saa ya ukutani na cherehani. Vyote vinafanya kazi. Mkimleta mume wangu bila trekta, atavifungua."

Kila mtu kikaoni alifikiria redio yake mwenyewe, kwa maana Bwana Pankras ana majirani. Mama Albina alitangaza kwamba kichujio anakiacha pale pale, kwani kwa sasa amezoea chai yenye majani. Msimamizi wa nyumba ya wageni aliacha kiti. Mkuu aliacha uzi. Bwana Tarsisi alifikiri kwa muda mrefu kuliko wote, akauliza nyumba ya Bwana Pankras iko umbali gani na Kitai, akajibiwa, akauacha mkanda. Paroko alituma mtu kusema kwamba mlango wa kanisa umekwisha kuzoea kuegeshwa.

Dai lililobaki ni moja: gurudumu dogo la mpira, ambalo kwenye trekta linaukaza mkanda usiteleze, na kwenye mashine ya kurudufu linavuta karatasi za Jarida hili. Likirudi ofisini, trekta halitasogea. Likibaki kwenye trekta, Jarida halitachapishwa. La pili mfano wake halijapatikana Songea wala kwingineko. Kwa ajili ya toleo hili tu, Bwana Pankras ametuazima gurudumu hilo. Amesimama mlangoni tunapochapisha, ameshika bisibisi.

Bwana Pankras, Kituo kinakushukuru. Umetukatia nyasi, umetulisha maharage, umetufundisha kufunga milango ya ofisi kwa kufuli. Uzee wako uwe na afya, kahawa yako shambani izae, mbuzi wako akae nyumbani, na Mama Notburga aendelee kusikiliza redio yake.

Kuhusu gurudumu, Bodi itakaa tena na kuamua. Uamuzi ukipatikana, tunaahidi kuwaandikia mara moja. Na ikiwa hamtapokea kitu chochote kutoka kwetu, basi mtakuwa mmekwisha kuujua.