Marehemu Cleophas Benjamini, Bwana Mifugo Aliyewapima Ng'ombe wa Bondeni

Kwa niaba ya familia, mimi Evodia, mdogo wake marehemu, naomba mnivumilie nisome haya bila kuyapamba, maana kaka yetu alituchosha, na waliomchosha yeye wengine wamekaa hapa.

Cleophas alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 kijijini Mwimbi, akasoma shule ya msingi hapo hapo hadi 1977, kisha sekondari Sumbawanga, na mwaka 1986 akapata cheti cha mifugo, akapangiwa kazi Laela, alikodumu hadi kustaafu Machi 2023. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na wifi yangu Bertilla, wakajaliwa Abel, Monika na Jenifer.

Mwaka 2018 ndama wa mfugaji Masalu walianza kufa bondeni, chini ya mwalo wa kuchenjulia dhahabu, marehemu akaiandikia ofisi inayohusika, nayo ikaja kupima maji katikati ya masika, mto umefurika, ikajibu kwamba maji ni salama. Akageukia kuwapima ng'ombe, akisema, "Maji yanapita, ng'ombe anabaki," kwa kuwa sumu ya madini ya risasi na zebaki hujikusanya kwenye nywele, figo na maini ya mnyama anayekunywa hapo kila siku. Masalu alimfukuza mara mbili, akidhani nywele za mkia zinapelekwa kwa mganga, na huku nyumbani friji ilijaa figo za machinjioni, hadi wifi akauliza, "Baba Abel, mboga ya watoto niiweke wapi?"

Novemba 2019 maabara ilithibitisha sumu, akapeleka majibu ofisini mara kumi na moja, mara faili halionekani, mara mhusika yuko semina, na siku moja, nikiwepo, akaulizwa, "Mzee, kwani ng'ombe ndiye mlalamikaji?" Akajibu, "Ng'ombe ni shahidi, mlalamikaji ni mama anayewapa watoto maziwa ya ng'ombe huyo." Mwalo ulifungwa na kisima kikachimbwa Agosti 2021, baada ya watoto wa Masalu kukutwa na sumu hiyo ya risasi kwenye damu, na mdogo wao, Kashinje, mpaka leo masomo hayamkai kichwani.

Kaka alipima ng'ombe mia mbili na kumi na sita, lakini yeye mwenyewe kupimwa tulimbembeleza miaka minne, na kisukari kilipogundulika Januari 2025, figo zilikuwa zimekwisha kuchoka, akafariki tarehe 9 Juni hospitalini, mjini Sumbawanga, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Katandala alikoishi baada ya kustaafu, wafanyakazi wenzake, na Masalu na mkewe, waliokesha nasi tangu siku ya kwanza. Ofisi ile nayo imeleta shada, ahsanteni, ila barua aliyoiandika Aprili akiwa kitandani, kuhusu mwalo mpya uliofunguliwa bonde la pili, hamjaijibu.

Pumzika kwa amani, kaka, jibu tutalifuata sisi.