Barua ya Darubini

Benchi letu limeegemea ukuta wa ile iliyokuwa maabara ya zahanati. Dirisha limezibwa kwa mbao, lakini zamani lilikuwa wazi, na nyuma yake aliinama rafiki yetu tuliyemwita Darubini, akisaka malaria katika matone ya damu. Kabla ya kuandika kwamba hakuna, alikagua sehemu mia moja za kioo chenye tone. Mia kamili, hata mlango ugongwe vipi. Saa kumi alitoka, vidole vimelowa rangi ya zambarau ya kupakia damu, akakaa pembe ya kushoto. Huu mwaka wa nne tangu tumzike, na ile pembe hatuikalii. Leo binti yake, mtafiti wa ng'ambo, yuko likizo na ameahidi kupita. Tunamngoja watatu: Fundi Saa, Posta, mstaafu wa kuchambua barua, na mimi mshona viatu. Birika liko katikati.

— Hivi huyo binti anasomea nini hasa? aliuliza Fundi Saa.

— Protini, nikasema. Alinieleza mwaka jana. Zile zinazoshika RNA ndani ya kimelea cha malaria.

— RNA ndiyo nini?

— Ujumbe. Maagizo: tengeneza hiki, tengeneza kile. Kimelea jike kikiwa bado ndani ya damu yako, maagizo ya maisha ya tumboni mwa mbu yameshaandikwa. Protini zinayashika yasisomwe mpaka kifike huko.

— Kama posta, akasema Posta, akijiweka sawa.

— Posta ipi? Fundi akadakia. Kadi zangu za harusi zilifika mtoto ana meno.

— Zilifika.

— Mimi nasema mle ndani mna saa, Fundi akaendelea. Na mbu anayo yake. Wamepatana dakika. Ule mlio sikioni unadhani nini? Kengele. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hayo yanaingiaje hapa? nikauliza.

— Mbu anataga wapi?

Nikacheka nusura nimwage kahawa. Posta hakucheka. Alikuwa anapapasa kifua cha koti lake la kazi, koti asilolivua hata jua likiwaka.

— Kusoma kila mtu anaweza, akasema. Kazi ni kushika. Darubini angenielewa.

— Darubini angekwambia hesabu mia kwanza.

Ndipo binti akatokea, viatu vimejaa vumbi, mwendo uleule wa baba yake.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu. Karibu.

Akakaa pembe ya kushoto. Hakuna aliyemzuia. Fundi akamimina, akamweleza nadharia yake ya saa.

— Si saa, baba mdogo, akasema huku akitabasamu. Damu ya mtu ina joto, tumboni mwa mbu kuna ubaridi. Kimelea kikiuhisi, na dalili nyingine ndogo za mle, maagizo yanaachiwa. Wakati mwingine mabadiliko madogo yanatosha.

Akapiga funda. Akalitazama dirisha la mbao.

— Nilichelewa mazishi, na kesho narudi kazini kwangu. Hivi baba hakuacha neno kwa ajili yangu?

Fundi alinitazama. Mimi nikamtazama Posta. Posta alitazama kikombe.

— Aliacha, akasema mwisho.

— Lini?

— Wiki ile ya mwisho. Barua. Akaniambia, mpe akirudi kabisa.

— Miaka minne, Posta? Fundi akauliza kwa sauti ya chini.

— Kila mwaka anakuja wiki mbili. Hilo si kurudi kabisa. Miaka thelathini sijakabidhi barua kinyume cha maelekezo.

— Na kama sirudi kabisa, baba mdogo? binti akauliza.

Fundi akainua birika ajipe shughuli. Halikutoa kitu. Posta alifungua kifungo cha koti, kisha cha pili, akatoa bahasha iliyolainika kwa jasho. Kwenye kona palikuwa na alama ya dole gumba, zambarau.

— Pokea, mwanangu. Umefika vya kutosha.

Alipoichana, tukageukia dirisha ili asome peke yake. Nikajikuta nahesabu kimoyomoyo. Nilipofika mia, bado alikuwa anasoma.