Shimo la Ethi Nyumbani kwa Mzee Isihaka

Haya hayana ubishi. Mashahidi wote wameyakubali. Jana alasiri radi ilipiga karibu na nguzo ya umeme hapa Same mjini. Kwa Mzee Isihaka runinga ikaungua, na Sumaiya, mke wa mwanawe, aliposhika mlango wa friji, umeme ukamrusha. Yu hai, amelazwa, mkono umeungua. Waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliozidi ardhini kupitia fimbo ya shaba, ulikutwa umekatika ndani ya shimo lililofukuliwa. Kinachobishaniwa ni kosa la nani. Mume wa Sumaiya ameapa kumpeleka polisi Aminieli, fundi aliyeifunga ethi hiyo. Na Aminieli, asubuhi hii, amekaa kwenye benchi la kahawa la Hamisi, kikombe kimempoa mkononi.

Chande wa bodaboda, aitwaye Bunge, ndiye aliyeanza.

— Oya fundi, fimbo yako ya shaba ndiyo iliyoita radi. Shaba na radi ni mtu na binamu yake.

— Radi imepiga nguzo, Bunge. Haikupiga fimbo.

— Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani! Umeme ulikatika, ukarudi na hasira.

Clemence, muuza tangawizi kutoka Mhezi, aliyebatizwa Profesa, akatikisa kichwa.

— Nyie mnaongelea waya. Radi ile imetumwa.

— Ushahidi? akauliza Chande.

— Mbona imemruka jirani?

— Jirani ana friji ya kuungua?

Walicheka. Aminieli hakucheka.

— Mnanihukumu hamjanisikia. Kwenye meni swichi nilifunga kikinga umeme. Kile hakimezi umeme uliozidi. Kinauelekeza kwenye ethi. Ethi ikikatika, kiupeleke wapi?

— Nani kaikata? akauliza Hamisi.

— Mbuzi.

— Profesa, radi yako ina pembe!

— Ardhi ya huku ni kavu. Shimoni nikaweka mkaa na chumvi, pashike unyevu. Mafundi tunafanya hivyo. Mbuzi wa mzee wakanusa chumvi, wakafukua mpaka waya ukakatika.

— Ukitaka cha uvunguni sharti uiname, akasema Chande. Mbuzi hawana kesi.

— Nilimwambia mzee afunike kwa zege. Akaitikia.

— Basi kosa la mzee, akasema Clemence.

— Thubutu! akadakia Chande. Mtu anamwaga chumvi kwenye mji wenye mbuzi, halafu kosa la mzee?

— Nani alisikia mzee akiitikia? akauliza Hamisi.

— Tulikuwa wawili tu, akasema Aminieli.

Hapo ndipo Yunus, mume wa Sumaiya, alipofika akitokea hospitali. Hamisi akammiminia kahawa. Hakuipokea, wala hakuketi.

— Pole, kaka. Shemeji anaendeleaje?

— Vidole viwili havina hisia. Fundi, Ijumaa ulikuja kubadilisha soketi ya jikoni. Shimo liko hapo hapo mlangoni. Uliliona?

Aminieli akatazama chini.

— Na wewe, Yunus, unayepita pale kila siku? akasema Chande, taratibu mno kwa mtu aitwaye Bunge.

Yunus akageuka, akashika njia.

Chumvi iliwekwa na fundi. Zege liliahidiwa na mzee, ikiwa liliahidiwa. Maana shahidi pekee wa ahadi hiyo ni mtuhumiwa mwenyewe. Shimo lilikaa wazi, na wenye macho walilipita. Sumaiya bado hajahojiwa. Wewe uliyesikia haya yote, Yunus akikuuliza njiani aende polisi kumshtaki nani, utamtajia jina gani?