Fundi Kaviha Menza na Jiwe la Tarehe Tisa Machi

Mungu alimleta Kaviha Menza Mwarandu duniani tarehe 4 Agosti 1964 huko Bamba, mtoto wa tano wa mzee Menza Mwarandu na mama Kadzo. Alisoma hadi darasa la saba mwaka 1979, kisha akaingia chuo cha ufundi kwa miaka miwili. Mwalimu wake wa uashi alimwachia desturi aliyokufa nayo: kila alipomwaga zege, alijaza kisanduku cha mbao kwa zege lilelile, na kabla halijakauka akalichora tarehe kwa msumari. Jiwe hilo alirudi nalo nyumbani.

Alifika Kisauni mwaka 1982, akaanza kwa kubeba karai hadi akawa fundi mkuu. Nyumba alizojenga Mjambere, Likoni na Changamwe zimesimama. Wengi walioketi hapa watalala ndani yake leo.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa kanisani na Pascalia Dhahabu. Mawe yalipojaa uani, Pascalia alimtania, "Baba Winfred, wenzio hurudi na unga, wewe warudi na mawe." Akacheka, akamwambia hao ndio mashahidi wake. Hata hivyo, mwaka 2021 figa moja lilipovunjika, Pascalia alichukua jiwe lililokuwa karibu, bila kutazama tarehe, akalitia jikoni.

Tarehe 9 Machi 2021 alimwaga slabu, dari ya zege, ya duka moja Changamwe, kazi ya mkandarasi Absalom Kiponda. Alimwonya kwamba mbao za kuishikilia zisiguswe kabla ya wiki tatu. Jumapili, siku ya tano, Kaviha akiwa ibadani, Kiponda aliamuru zing'olewe kwa kuwa mwenye duka alitaka kufungua. Jumatano slabu ikaanguka, ikamvunja kibarua mguu. Mwenye duka alimshtaki Kiponda, naye Kiponda akamvuta Kaviha kortini, akashika Biblia na kuapa kwamba fundi alipunja saruji. Amesema atakuja mazishini. Akija, ayasikie.

Mwaka 2024 korti ilitaka jiwe la tarehe 9 Machi, la zege la slabu ile. Likakutwa jikoni, jeusi kwa masizi. Wakili wa Kiponda alicheka. "Mheshimiwa, hili ni figa, si ushahidi."

Kaviha akajibu taratibu, "Limepikiwa miaka mitatu, wakili, na halijapasuka. Slabu mliing'olea mbao siku ya tano."

Hakimu akaamuru jiwe likapimwe. Tangu hapo Pascalia hupikia mafiga mawili na tofali.

Juni mwaka huu kiharusi kiliua mkono wa kulia wa Kaviha na ulimi wake. Kiponda alifika wodini na kidau cha wino na karatasi ya kumaliza kesi, iliyosema kosa lilikuwa la fundi. "Mzee, weka dole gumba tu, upumzike." Kaviha alikunja ngumi ya kushoto, hata muuguzi akashindwa kuikunjua. Pascalia alimwambia Kiponda atoke na wino wake. Bwana alimchukua Kaviha Alhamisi, tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mmoja. Hakuwa ametia kidole popote.

Ameacha mjane, Pascalia, watoto wake Winfred, Linda na Baya, na wajukuu sita. Kesi itasikizwa tarehe 20 Januari 2026, majibu ya jiwe yakisomwa, na Pascalia atasimama mahali pake. Bwana Kiponda akija leo, pilau atapewa kama mgeni yeyote. Udongo wa kaburi hatautupa. Hukumu ya mbinguni twamwachia Mungu. Ya Mombasa hatuiachi.

Alhamisi tarehe 13 Novemba, mafundi wenzake walipojengea kaburi hili, walijaza kisanduku kimoja cha zege, wakalichora tarehe kwa msumari. Jiwe hilo ni la Pascalia. Halitaingia jikoni.

Lala, baba, katika amani ya Bwana. Jina lako tumelishika.