Zinia za Marehemu Janeffer

Katika basi la kutoka Mulot kwenda Kericho, Hezekiah alikuwa amewapa mgongo wanawake wawili wasiojuana, kofia ameivuta mpaka masikioni, lakini maneno yalimfikia yote. Mmoja, aliyejitambulisha kama Mongina, alisifu maua yake. "Mimi ni zinia tu, dada. Mwaka huu zimejaa mpaka kwa geti."

"Mimi sitoki kwa marigoldi," mwenzake akasema. "Mbegu ya zinia ulitoa wapi?"

"Nilipewa na marehemu Janeffer, kanisani. Kwake hazipo tena. Nasikia bwana yake alizikata chini vile tunapruni majani chai, akangoja zichipue!"

Wakacheka mpaka kondakta akageuka. Hezekiah akavua kofia, akageuka. Alikuwa amezingoja miaka mitatu.

"Na nani alinifundisha?" akafoka. "Afisa wa kilimo hajawahi kukanyaga kwangu. Wazee wa kanisa walikula matanga wakaenda. Hakuna mkubwa hata mmoja aliniambia hayo maua yanapandwa kila mwaka!"

Mongina akainama kumtazama usoni.

"Kumbe ni wewe, mzee! Pole. Kuja nikupatie mbegu."

"Wewe? Unipatie mimi mbegu ya bibi yangu?"

Basi likasimama kwenye steji ya Hezekiah. Akashuka bila kuaga, kisha akarudi dirishani. "Na zile nyekundu," akauliza, akiomba moyoni aambiwe zilikufa, "zimekubali kwako?"

"Hizo ndizo zimekubali kabisa, mzee."