Milango Minne au Bodi Refu

SAMRUAI: Haloo! Nani huyo, mbona kama unaongea ndani ya pipa?

BUNKOET: Pipa la nani, dada? Ni mimi, Bunkoet. Mdogo wako wa huku Roi Et, kama bado unatukumbuka.

SAMRUAI: We mjinga, namba ngeni hii—

BUNKOET: Namba mpya. Bangkok mnaendeleaje? Umekula?

SAMRUAI: Nile nini, nguo zinaning'inia tu kibandani, mnunuzi hakuna. Nyie je? Mama?

BUNKOET: Yupo hapa nyuma yangu, kalala. Tumetoka hospitali sasa hivi, kusafishwa damu. Si unajua akitoka kule anakuwa gogo, hata umpigie ngoma.

SAMRUAI: Nyuma yako wapi?

BUNKOET: Kwenye gari, dada! Pikapu mpya! Nimepewa niijaribu. Sauti yako inatokea kwenye spika za gari lenyewe, mikono yangu yote iko kwenye usukani. Raha iliyoje!

SAMRUAI: Umenunua?!

BUNKOET: Bado, ndiyo maana nakupigia. Ziko mbili, na nikirudi pale dukani lazima nitaje moja. Hii ninayoendesha ni ya milango minne. Nyeupe, imenyanyuka, kiyoyozi mpaka nyuma. Nyingine nyeusi, kebini moja, inabeba wawili tu. Lakini ina bodi, dada! Bodi refu hilo!

SAMRUAI: Sasa hapo unauliza nini? Milango minne. Kila wiki mara tatu unampeleka mama hospitali, atakaa wapi?

BUNKOET: Nyuma.

SAMRUAI: Nyuma kwenye bodi?

BUNKOET: Namtandikia godoro. Juu turubai. Mbona watu wote huku—

SAMRUAI: Watu wote wamekufa figo? Na jua hili la Aprili! Unamwanika mama yako kama samaki?

BUNKOET: Sasa mbele si anakaa Orathai.

SAMRUAI: Ahaa. Tumefika. Mkeo.

BUNKOET: Usianze—

SAMRUAI: Mkeo kasemaje?

BUNKOET: Kasema mama akitoka kule anatapika. Na kweli anatapika, dada. Viti vipya vile...

SAMRUAI: We umemtapikia mama mgongoni mpaka umeota meno ya pili!

BUNKOET: Basi njoo umchukue, akutapikie wewe.

SAMRUAI: Mimi nakaa ghorofa ya tano, lifti yenyewe hakuna—

BUNKOET: Ya tano? Mwaka jana ilikuwa ya tatu. Kila nikikuomba, nyumba yako inapanda.

SAMRUAI: [krrr] ...sikusikii... mtandao wenu huko—

BUNKOET: Unanisikia vizuri sana. Na niambie ukweli. Hiyo milango minne ni ya mama, au ni ya watoto wako wakija sikukuu ya Songkran niwazungushe kwenye maporomoko ya maji?

SAMRUAI: Hata kama! Kwani watoto wangu si— Hebu ngoja. Hiyo nyingine umesema nyeusi? We si umezaliwa Alhamisi? Nyeusi ni mkosi kwako, Bunkoet.

BUNKOET: Hilo nimeshalimaliza. Nimechukua ile karatasi ya kubandika, "Gari hili ni jeupe." Naiweka nyuma, juu ya namba.

SAMRUAI: Na mkosi utasoma?

BUNKOET: Unasoma, unaamini, unapita zake. Jirani yetu gari lake ni jekundu, kaandika ni la kijani, hajapata hata pancha. Na wewe pikipiki yako ya pinki umeiandika nini?

SAMRUAI: ...Ya bluu.

BUNKOET: Haya sasa!

SAMRUAI: Haya, mkosi umeudanganya. Mimi bado. Bodi refu la nini? Mpunga hulimi, shamba umekodisha. Gari lenyewe la kwenda sokoni na kurudi.

BUNKOET: Msiba wa bibi unaukumbuka?

SAMRUAI: Msiba umeingiaje hapa?

BUNKOET: Pikapu ya mjomba. Ilikuwa ya milango minne. Bodi fupi.

SAMRUAI: Jeneza lilitokeza.

BUNKOET: Lilitokeza! Tukafunga kamba, tukaning'iniza na kitambaa chekundu kama tumebeba mianzi. Njia nzima ya hekaluni watu wamesimama wanatuangalia. Mpaka leo nikikosana na mtu sokoni, jibu lake ni moja: "Ondokeni hapa, nyie mliompeleka bibi yenu miguu nje."

SAMRUAI: [krrr] ...daktari kasemaje?

BUNKOET: Leo kaniita pembeni. Kasema akizimaliza mvua za mwaka huu, tushukuru.

SAMRUAI: Na gari utakaa nalo miaka.

BUNKOET: Miaka, dada.

SAMRUAI: Mwenyewe anajua?

BUNKOET: Aambiwe ili iweje? Haya, sema. We ndiye mkubwa. Ukisema minne, nachukua minne. Sitaki kesho uje kunisema mbele ya watawa na majirani.

SAMRUAI: Kwenye hilo bodi... linaingia lote?

BUNKOET: Nimepima. Na nafasi ya maua inabaki.

SAMRUAI: Basi chukua refu.

BUNKOET: Umesema wewe.

SAMRUAI: Nimesema mimi. Ila godoro liwe nene. Na turubai usinunue zile za kuchanika—

BUNKOET: Nene, dada. Zuri kabisa.

SAMRUAI: Na watoto wakija Songkran watakaa humo humo nyuma, wamwagie watu maji ya sikukuu.

BUNKOET: Si ndiyo raha yenyewe! Naweka pipa katikati, tunazunguka mji mzima!

SAMRUAI: [anacheka] Na mkeo mbele na viti vyake.

BUNKOET: [anacheka] Mkavu!

MAMA: Samruai.

SAMRUAI: ...Nani huyo?

MAMA: Umekula, mwanangu?

BUNKOET: Mama! Si ulikuwa—

MAMA: Tazama mbele, utagonga nyati-maji wa watu.

SAMRUAI: Mama, shikamoo mama, tulikuwa tu tunaongea—

MAMA: Nimesikia. Spika iko hapa mlangoni, sikioni kwangu kabisa. [anakohoa] Gari zuri hili. Kiti laini. Nilipoketi nikasema moyoni, jamani, mwanangu leo kaniwaza.

BUNKOET: Mama, tunarudi tunachukua hii hii. Hii hii, mama.

MAMA: Mnachukua refu. Dada yako kashasema. Hata mimi sitaki kupita sokoni miguu nje.

SAMRUAI: Bunkoet, chukua minne! Unanisikia? [krrr] ...minne! Mimi mkubwa nasema—

MAMA: Usipige kelele, Samruai, kichwa kinaniuma. Nina ombi moja tu. Kwenye hiyo nyeusi, karatasi mbandike mbili.

BUNKOET: Mama, basi...

MAMA: Ya kwanza hiyo yako, "Gari hili ni jeupe."

SAMRUAI: Mama, nakuja. Kesho napanda basi, nakuja—

MAMA: Na chini yake ya pili: "Mama yetu tunampenda."

BUNKOET: Dada... tumefika. Muuzaji kasimama mlangoni na funguo za ile nyeusi.

SAMRUAI: Mwambie minne! Bunkoet, mwambie—

BUNKOET: Nazima gari, dada. Sauti nayo inazi—

SAMRUAI: Haloo? Mama? Haloo?